Koki za Muhidini

Kibeta, Bukoba
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa siku zote hizi ambazo sikupiga simu. Goti lako linaendeleaje? Mwalimu Joanitha ameniambia amekuona sokoni Kamachumu ukitembea bila fimbo na ukigombana na muuza chumvi, nikajua u mzima. Nasikia pia kahawa imeitika mwaka huu na kwamba Mutalemwa ameianua kabla mvua haijaiharibu. Mpe hongera. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, naye hajambo. Amepita hapa akaniona nimeshika kalamu, akasema kama ni barua yako nisisahau salamu zake.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, simu yako anakaa nayo Mutalemwa, na kaka yangu akishapokea lazima aweke spika, halafu nyumba nzima inakaa kunisikiliza kama taarifa ya habari. Mara ya mwisho nilimsikia mtu akiuliza ni nani huyo anayeongea, na mwingine akamjibu ni yule mjane wa Bukoba. Ninayokuandikia leo si ya spika. Joanitha anarudi Kamachumu kesho kufundisha, na ameniahidi kukupa barua hii mkononi mwako. Vaa miwani yako, ingia chumbani, uisome peke yako kwanza.

Najua unachosubiri. Unasubiri nikutajie siku ambayo eda yangu itaisha ili Mutalemwa aje na pikapu yake anichukue. Umeshapaka rangi chumba changu cha zamani, umeshaisogeza cherehani karibu na dirisha, na umeshawaambia majirani kwamba Kokushubila anarudi kibanjani kwao. Jibu la hilo limo humu. Ila siwezi kukupa kabla sijakueleza habari za koki za bafuni, maana bila hizo koki nisingekuwa na la kukuandikia zaidi ya salamu.

Wewe eda unaiita kifungo, na sikulaumu, kwenu haipo. Tangu mume wangu Muhidini alipoanguka dukani kwake kwa ile presha, sijavuka geti ila kwa dharura. Navaa nguo zangu zilezile zisizo na nakshi, sijipaki manukato, sivai hata hereni. Watu wanadhani hilo ndilo gumu. Mimi halijanisumbua. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna kinachonisumbua. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaufinya na usijibu? Ndivyo nilivyo, mama. Siku ya mazishi wanawake walinishika mabega kila upande nisianguke, na mimi nilikuwa nawaza kwamba yule wa kushoto amenikanyaga.

Sasa koki. Hujawahi kuliona bafu letu. Marehemu alilijenga mwenyewe kwa kumega kona ya chumba chetu cha kulala, akaweka sinki la kunawia alilolitoa kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa anabomoa. Lilikuja na koki zake mbili, moja ina alama nyekundu na nyingine ya bluu, utafikiri siku moja yatatoka maji ya moto. Hayakutoka hata siku moja. Zote mbili zinatoa maji yaleyale ya baridi ya kutoka kwenye tangi. Muhidini alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyekundu ni ya watu na bluu ni ya wakwe.

Koki hizo zilikuwa zimechoka kabla hata hazijafika kwetu. Zilidondosha maji, na mama mkwe, ambaye hawezi kusikia tone la maji likipotea bila kusema kitu, alikuwa anasema. Basi Jumapili baada ya chai Muhidini alifunga maji, akafungua koki, akatoa kile kipira cha ndani kinachozuia maji, mafundi wanakiita washa, akaweka kingine alichokikata kwa wembe kwenye kandambili. Kandambili zote za nyumba hii zina tundu kisiginoni. Nilimwambia mara nyingi kwamba dukani koki mpya zipo, akasema mtu anayeuza ndoo na mabeseni hawezi kushindwa na koki. Tone lilikuwa linakaa kimya kwa muda, kisha linarudi.

Alipofariki, hakuna aliyeendelea na kazi hiyo. Na mimi nikawa nazifungua kuliko wakati wowote. Kila asubuhi nikiamka nilikuwa naingia bafuni, nafunga mlango, nafungua koki zote mbili mpaka mwisho na kuziacha zimwage maji kwa kishindo. Nilikuwa sitaki nisikike. Nikitoka huko nimenawa uso, macho mekundu, nakwenda kukaa kwenye mkeka wangu.

Mama mkwe alisikia maji, akayapa maana yake mwenyewe. Aliwaambia wanawake wanaokuja kunitazama kwamba mkwewe ana heshima, halii mbele za watu, anafungulia maji akalia peke yake. Habari ikaenea Kibeta nzima. Wakaanza kuniletea uji wa ulezi. Mmoja akanishika mkono akasema anatamani binti zake waolewe wakawe kama mimi, tena mimi niliyezaliwa Mlutheri nikasilimu ukubwani. Sikuwakatalia. Nilikunywa uji.

Mama, nilikuwa silii. Sijalia hata leo. Kilichokuwa kikinipeleka bafuni nitakwambia, tumekaribia.

Koki haziwezi kufunguliwa na kufungwa kwa nguvu namna ile zikabaki salama. Ile ya bluu ilianza kuzunguka bure. Asubuhi moja niliizungusha ifunge, ikazunguka, ikazunguka, maji yakaendelea kutoka kana kwamba sijaigusa. Nikamwita mama mkwe. Alijaribu kwa kanga, akajaribu kwa mikono miwili, akaiambia koki maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu. Mpaka tulipokumbuka kwenda nje kufunga maji yote kwenye bomba la tangi, tangi lilikuwa limebaki tope. Siku ile alitawadha kwa maji ya kunywa, na hakunilaumu, na kutolaumiwa na Bi Mwajuma si jambo la kawaida.

Shemeji yangu Riyadhi, mdogo wake marehemu, anayeuza simu mjini, akasema ni jambo dogo, ataleta fundi. Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mama mkwe akasema hakuna mwanamume wa nje atakayekanyaga chumba cha mwanawe mpaka eda iishe. Riyadhi akamweleza kwa upole kwamba dini haikatazi fundi, mimi nitakaa sebuleni na yeye mwenyewe atasimama mlangoni. Mama mkwe akasema hazungumzii dini, anazungumzia chumba cha mwanawe. Riyadhi akauliza basi maji yatatengenezwa na malaika? Akaambiwa atoke. Alitoka, akarudi jioni na koki moja ndefu ya jikoni, shingo yake kama ya bata mzinga. Tulipoijaribisha kwenye sinki ikamwagia nje. Akatumwa tena.

Kwa muda huo nilikuwa natumia ndoo. Asubuhi nilikwenda bafuni kama kawaida, lakini sasa hakukuwa na maji ya kunifunika. Nikajifunza kuziba mdomo kwa taulo.

Mwishowe mama mkwe akapata njia yake. Hapa Kibeta yuko mzee anaitwa Ndyamukama, fundi bomba, ambaye pia anaongoza kwaya huko kwenu kwa Walutheri, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Mama mkwe akapanga naye kwamba atasimama nje, migombani, chini ya kile kidirisha cha juu cha bafu, ameupa ukuta mgongo. Yeye atasema, na sisi wanawake tutafanya. Mzee wa watu hakucheka. Aliniambia baadaye kupitia dirishani kwamba katika ufundi wake ameshatengeneza choo huku mbuzi wa mwenye nyumba akimtafunia kofia, kwa hiyo hii si kazi ya ajabu.

Tukaanza. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika tochi. Mimi nililala chali chini ya sinki, maana nati inayoshika koki iko kwa chini, gizani, mahali ambapo mkono unaingia na jicho haliingii. Ndyamukama akasema tutumie ile spana ya kukaza na kulegeza midomo, akaitaja kwa jina lake la gereji, jina ambalo siwezi kukuandikia wewe mama yangu. Mama mkwe akakohoa. Fundi akaomba radhi, na tangu hapo akawa anaiita spana yetu.

Alikuwa anauliza tunaona nini, tunamwambia, anasema zungusha kama unafungua mtungi, usikimbilie nguvu. Nati ilikuwa imeshikana kwa kutu. Akasema tuipake mafuta ya taa tungoje kidogo. Wakati tunangoja akaanza kuimba taratibu huko nje. Kisha nati ikaachia, koki ya bluu ikatoka nzima nzima, na nilipoifungua, washa ilikuwa humo ndani, ya bluu, ya kandambili yangu mwenyewe, imekatwa vizuri kama sarafu. Nilingoja nione kama itanifanya chochote. Haikunifanya kitu. Nikaitupa kwenye taka.

Ile nyekundu ilikuwa ngumu zaidi. Ilibidi nijisogeze mpaka uso wangu ukawa chini ya bomba la maji machafu, na hapo pakatoka ile harufu ya mafuta ya nywele na sabuni iliyokaa miaka. Nikajikaza. Nikasema moyoni kwamba si mbele yake. Lakini tumbo halisikii maneno, nilijiviringisha ubavuni, nikatapika palepale sakafuni, mbele ya tochi yake, bila koki hata moja ya kufungua.

Ndyamukama akasikia, akauliza kwa ile sauti ya kwaya na kwa heshima yetu ya Kihaya, "Waitu, bomba limepasuka?"

Mama mkwe akasema, "Halijapasuka. Ngoja."

Hakuinuka kwenye ndoo yake. Aliendelea kunimulika usoni, halafu akaishusha tochi tumboni, halafu akaizima. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini?"

Nikamwambia, "Tangu kabla hajafariki."

"Alijua?"

"Hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajua."

Ni mimba, mama. Ndiyo hiyo niliyokuwa naifungulia maji kila asubuhi. Niliijua wiki chache baada ya kumzika baba yake. Sikumwambia mtu, hata wewe, kwa sababu zile mbili za mwanzo nilizitangaza mapema, unakumbuka mambo yalivyokuwa. Safari hii nilijiambia nitanyamaza, na kama itaondoka, iondoke bila watu kuletewa habari mara mbili.

Kisha mama mkwe akasema, "Na mimi nilikuwa nawaambia watu unamlilia mwanangu."

Nikamwambia, "Sijamlilia, mama. Sijaweza."

Nilidhani atakasirika. Alichukua taulo akapangusa sakafu yeye mwenyewe, mama, amepiga magoti, mtu ambaye haoshi sahani aliyolia mwingine. Akanipangusa na mimi mdomo. Halafu akawasha tochi, akanipa spana, akamwambia fundi aendelee. Tukamaliza. Koki mpya alizokuja nazo Riyadhi safari ya pili ziliingia bila shida. Ndyamukama akatuelekeza kuzungushia ile tepu nyeupe kwenye nyuzi za koki kabla ya kukaza, ili maji yasipenye. Tulipofungulia tangi, maji yakatoka, na tulipofunga, yakafunga. Mama mkwe alikaa akilisikiliza sinki muda mrefu. Hakukuwa na tone. Akasema nyumba imekuwa kimya mno.

Hakupiga kigelegele, wala hajamwambia mtu, hata Riyadhi. Alinipeleka hospitali kwa bajaji, maana kwa matibabu eda inaruhusu kutoka. Muuguzi akanipaka kitu cha baridi tumboni, akaniwekea kile chombo, nikasikia mapigo, ya haraka haraka. Muuguzi akatabasamu akaniangalia ili nami nitabasamu. Niliangalia saa ya ukutani. Mama mkwe ndiye aliyelia, akijifunika kwa mtandio, na ndipo nikamwonea wivu, mama, nikatamani ningeweza kuazima yale machozi yake nikayatumia kidogo.

Wamesema yote yako sawa kwa sasa. Nisibebe ndoo. Kutapika kumeanza kupungua. Zile mbili zilikwishakuwa zimetoka kabla ya umri huu, kwa hiyo kila siku ninayoamka nayo ni siku ambayo sijawahi kuifikia. Naogopa. Nimeanza kuogopa tangu pale hospitali, na ndicho kitu pekee ninachokisikia ndani yangu, basi hata hicho nakishika.

Sasa jibu lako. Mjane asiye na mimba anahesabiwa miezi yake minne na siku kumi, ndiyo ile hesabu uliyopewa na Mutalemwa. Mwenye mimba hana hesabu hiyo. Mama mkwe alinieleza mwenyewe, na Riyadhi nilipomuuliza kwa kuzungukazunguka akasema vilevile. Eda yangu itaisha siku nitakapojifungua. Au siku mimba itakapotoka kwa njia nyingine, ikiwa imeshafikia umbo la mtu. Hakuna siku nyingine. Mutalemwa asije na pikapu. Chumba ulichopaka rangi, wekeni kahawa, cherehani mfunikeni kitambaa.

Na nikishajifungua pia sitakudanganya kwamba nitakuja kukaa. Mtoto ni wa hapa, hata kwetu ndivyo tunavyohesabu. Nitakuja kukuonyesha, nitakaa, na arobaini yake ikipita nitarudi huku. Najua hilo litakuuma. Ulifurahi kwamba angalau msiba umenirudisha kwako, na ninakunyang'anya. Nisamehe.

Kuna jambo moja Joanitha amenidokeza ambalo wewe hukuniambia. Anasema kila ibada, mchungaji akiuliza nani ana hitaji la kuombewa, wewe husimama mbele ya wote ukaomba binti yako arudi nyumbani upesi. Kwamba usharika mzima sasa unaliombea hilo, hata watoto wa shule ya Jumapili. Ahsante, mama. Nilipoambiwa nilikaa na neno hilo siku nzima. Maana zile mara mbili nilirudi kwako upesi, na unajua nilirudi nikiwa namna gani, ukanikanda kwa maji ya moto na hukuniuliza kitu. Sasa unaelewa ilivyo. Njia ya mimi kurudi upesi imebaki moja tu, na ni ileile. Kwa hiyo mama, Jumapili ijayo mchungaji akiuliza, usiliombe tena lile. Wala usiwaeleze kwa nini umeacha. Simama kama kawaida yako, uwaambie waniombee nichelewe.

Nisalimie Mutalemwa na mkewe na watoto wao, na yule muuza chumvi kama mmepatana. Jibu mpe Joanitha akija mwisho wa wiki, usipige simu. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi mwanao,
Kokushubila
(huku Shamsa)